Kwa nini mabwana wa Ulaya waliitwa "wazee" na watu wao "vijana"? Wajuzi wa lugha na historia njooni

#1 Mpekuzi wa Kale
Wakuu, salaam. Nina hoja moja, naomba tuipasue taratibu bila matusi.

Ukiyaangalia maneno ya ukabaila wa Ulaya Magharibi, yamekaa kiumri umri. Bwana mwenye ardhi Mfaransa alimwita seigneur, Mhispania señor, Mreno senhor, Mtaliano signore. Yote hayo yametoka kwenye Kilatini senior, yaani aliyezidi umri. Mzee. Njoo upande wa pili: anayepewa ardhi na kuapa utii ni vasali, na asili yake ni vassus, neno la Kiselti la kijana au mtumishi. Mpaka leo watu wa Wales wana gwas, maana yake ile ile. Waingereza nao wana knight, shujaa wa farasi mwenye cheo. Zamani aliandikwa cniht, na alikuwa mvulana tu.

Mimi nasema hivi: ukabaila haukuanzia kwenye ardhi. Ulianzia nyumbani, kwa mzee mwenye mji na vijana wanaokula kwake na kumpigania. Ardhi ilikuja baadaye. Anayepinga aje na maneno, asije na hasira.

#2 Chapati Mbili
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Binti Ngamiani
Mpekuzi, lord umeiruka makusudi au imekuponyoka? Kiingereza cha kale ni hlaford, na kabla ya hapo hlafweard. Hlaf ni mkate, weard ni mlinzi. Lady naye ni hlæfdige, mkanda unga wa mkate. Umri uko wapi hapo? Hapo pana jiko. Hata sheria za Æthelberht wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 7, zinamtaja mtu anayelishwa na mwenye nyumba kwa jina la hlafæta, mla mkate.

#4 Mzee Kigogo
Kwa hiyo lile Bunge la Malodi la London ni kikao cha walinda mikate. Sawa.

#5 Jirani wa Umoja
Mimi niko Nairobi na huku mwenye nyumba tunamwita landilodi. Mlinzi wa mkate? Huyu wangu tarehe tano haijafika keshagonga mlango, mkate wangu ndio anaulinda usifike mezani.

#6 Mpekuzi wa Kale
Binti Ngamiani, huyo mla mkate amekuja kunitolea ushahidi mimi. Anayelinda mkate ni mwenye mji, wanaokula ni watu wake. Ni nyumba ile ile, umeingilia mlango wa jikoni tu.

Na kabla Wajerumani hawajatajwa: Herr ilitokana na heriro, maana yake aliyezidi heshima, aliyezidi mvi. Wataalamu wengi wanaona iliundwa kwa kuigiza senior ya Kilatini. Mzee tena.

#7 Ndugu Nukta
Asili ya neno si historia ya jambo. Dereva wa bodaboda anamwita abiria wa miaka 25 "mzee", je tuseme bodaboda zilianzishwa na mababu? Kufika karne ya 11 senior ilikuwa cheo, hakuna aliyekuwa akihesabu mvi za mtu.

Na huyo vasali wako "kijana": mwaka 757 Tassilo wa Tatu, mtawala wa Bavaria nzima, alikwenda kwa Pippin, mfalme wa Wafranki (wale waliotawala Ufaransa na sehemu za Ujerumani), akaweka mikono yake ndani ya mikono ya mfalme, akaapa kuwa vasali. Huyo ni mwenye nchi, hakuwa mvulana wa kufagia zizi.

#8 Kasuku wa Vuga
Tassilo kazaliwa yapata mwaka 741. Pigeni hesabu. Kama miaka 16 😂

#9 Ndugu Nukta
Kasuku, hesabu ni sahihi ila haibebi hoja. Habari yenyewe ya kiapo imeandikwa miaka kama 30 baadaye, na watu wa Charlemagne, mwana wa Pippin, waliokuwa wanatafuta sababu ya kumnyang'anya Tassilo nchi. Na mwaka 788 walimnyang'anya. Wapo wanahistoria wanaoona kile kiapo cha 757 kilipambwa baada ya tukio, ili aonekane vasali msaliti.

#10 Chapati Mbili
Kosa lake lilikuwa nini hasa?

#11 Ndugu Nukta
Harisliz, yaani kulitoroka jeshi la mfalme vitani. Mwaka 763, kwenye vita vya Aquitaine. Kesi ikaja kusomwa 788.

#12 Chapati Mbili
Miaka 25! Hao faili hawapotezi.

#13 Mchunga Inyambo
Amahoro wakuu. Niko Bujumbura, mama ni wa upande wa Rwanda. Mnazunguka mbuyu. Neno kubwa la mada hii si bwana wala mtumwa wake, ni kile kitu kinachotolewa: feudum, ambacho Wafaransa waliita fief. Maelezo ya siku nyingi ni kwamba limetoka kwenye lugha ya Wafranki, fehu na od. Od ni mali. Fehu ni ng'ombe. Wajerumani bado wanasema Vieh kwa mifugo, na Kilatini pecunia, pesa, imetoka kwa pecus, mifugo.

Sasa sikilizeni. Kwetu ubuhake ulikuwa hivyo hivyo: shebuja anatoa ng'ombe, umugaragu anapokea, analinda, anasindikiza, anajenga ua wa shebuja. Anakunywa maziwa, ndama anawapata, ila umugaragu akikosana na shebuja, ng'ombe anaweza kurudishwa na uzao wake. Rwanda iliufuta mwaka 1954 chini ya mwami Mutara Rudahigwa. Burundi tuliuita ubugabire. Wafranki na sisi tulianzia zizini.

#14 Ndugu Nukta
Mchunga, angalia usizunguke duara. Wazungu ndio walioufikia ubuhake wakauandika kwa maneno yao ya fief na vasali. Jacques Maquet alifanya hivyo miaka ya 1950. Halafu leo sisi tunasoma maandishi yale na kushangaa mbona Rwanda na Wafranki wanafanana.

#15 Mchunga Inyambo
Shebuja na umugaragu si maneno ya Maquet. Na ng'ombe hakuletwa na Maquet.

#16 Mzee Kigogo
1-0 Bujumbura.

#17 Ustadh wa Makunduchi
Assalaam alaykum. Kwa waliosoma madrasa, neno hili lingewagonga masikio mapema. Katika Surat al-Hashr, aya ya 6 na ya 7, imetajwa mali ya fai: ile inayopatikana kwa adui bila kupigana. Haimo kwenye ngawira ya vita, ina mgawo wake. Wingi wake kwa Kiarabu ni fuyuu. Sasa tazameni maandishi ya Kilatini ya kusini mwa Ufaransa kuanzia mwishoni mwa karne ya 9: feo, feum, fevum. Hakuna d! Na wakati huo huo Waislamu wapo Andalusia, na wengine wameshika ngome ya Fraxinetum huko Provence, walikaa mpaka miaka ya 970. Mwanahistoria Alauddin Samarrai aliitoa hoja hii mwaka 1973, kwamba feo imetoka kwa fuyuu. Ng'ombe wa Mchunga hawezi kutueleza kwa nini d imechelewa kufika.

#18 Binti Ngamiani
Ustadh, shukrani, hii sikuwahi kuisikia. Ila fai ni mali ya hazina, ya umma. Ardhi aliyopewa askari ili atumikie ina jina lake kwa Kiarabu, iqta', asili yake kukata. Kama Wafaransa walikuwa wanaazima, kwa nini waliache neno lenyewe wachukue la jirani?

#19 Ustadh wa Makunduchi
Binti, neno likivuka bahari halibebi fiqhi yake yote. Sisi wenyewe tumechukua mangapi ya Kiarabu tukayageuza?

#20 Mpimaji Ardhi
Kuhusu hiyo d. Wafranki walikuwa na neno lingine, alod, Kilatini allodium: mali kamili isiyo na bwana juu yake. Ni kinyume cha fief. Wengine wanasema makarani waliokuwa wakiandika allodium na feum kwenye hati moja siku nzima walishtukia feum imevuta d ya jirani yake, ikawa feodum, feudum. Mimi nafanya kazi ya hati, naamini. Makarani hunakili umbo la jana.

Wapo pia wanaosema ni fodrum, malisho ya farasi wa mfalme. Hilo mimi silipi hata senti.

#21 Mbeba Boksi wa Solna
Wakuu, nyie mnagombania feudum wakati nusu ya Ulaya haikulitumia kabisa. Wajerumani waliita Lehen, kutoka leihen, kuazima. Waholanzi leen. Wadenmaki len. Wapolandi wakachukua kwa Wajerumani wakaita lenno, Wacheki léno. Huku kwetu Sweden neno limebaki hai: mkoa ni län, ipo mikoa 21, na mimi naishi Stockholms län. Bahasha ya serikali ikija mlangoni imeandikwa juu kabisa jina la ule mkopo wa mfalme. Wafini waliita mikoa yao lääni, ikafutwa 2010.

Lakini msidanganyike: hapa Sweden län ilikuwa eneo la ngome analokabidhiwa mtu wa mfalme alisimamie. Ule ukabaila wa kurithishana ardhi na kiapo kama Ufaransa haukushika mizizi. Jina lilifika, mambo yenyewe yakabaki njiani.

#22 Kasuku wa Vuga
Mbeba Boksi, kwa hiyo mkoa wako ni wa kuazima. Msije mkaurudisha bila wewe kuhama.

#23 Fundi wa Mihuri
Hapo kwenye Lehen niacheni nisimulie, maana neno hilo nusura lichinje kardinali.

Oktoba 1157, mji wa Besançon. Kaisari wa Wajerumani, Frederick Barbarossa, yuko barazani na wakuu wake. Wanaingia wajumbe wawili wa Papa Adrian wa Nne, mmoja ni kardinali Rolando Bandinelli. Wana barua. Papa analalamika kwamba Eskil, askofu mkuu wa Lund, alikamatwa na kuporwa akitoka Roma, na Barbarossa amekaa kimya. Kisha anamkumbusha: Kanisa la Roma ndilo lililokuvika taji la ukaisari, na lingefurahi kukupa beneficia kubwa kuliko hilo.

Wakuu wa Kijerumani Kilatini hawakijui. Anayewasomea ni kansela Rainald wa Dassel. Amefika kwenye beneficia. Neno hilo lina nyuso mbili: fadhila, au ardhi anayopewa vasali. Rainald akachagua uso wa pili. Akasema Lehen. Maana yake kaisari ni mtu wa Papa, na dola nzima ni shamba la kuazimwa. Ukumbi ukachafuka. Badala ya kupoza, mjumbe mmoja akauliza: kama si kwa Papa, basi ameipata dola kwa nani? Otto wa Wittelsbach akachomoa upanga amkate kichwa. Barbarossa ndiye aliyeingia kati, wajumbe wakafungishwa virago asubuhi.

#24 Chapati Mbili
Halafu??

#25 Fundi wa Mihuri
Mwaka 1158 Papa akaandika tena: beneficium ni bonum na factum, tendo jema, hakumaanisha ardhi. Wenye akili zao hawakusadiki sana, kwa sababu Roma pale Lateran palikuwa na picha ya kaisari aliyetangulia, Lothar, na maandishi chini yake kwamba alifanywa mtu wa Papa, homo papae. Na Rolando hakupotea, 1159 akawa Papa mwenyewe, Alexander wa Tatu.

#26 Dada Mnyoofu
Hiyo homo papae imenikumbusha kitu. Mnahangaika na mzee na kijana, wakati neno la kiapo chenyewe ni homo, mtu. Hommage, homagium: kuwa mtu wa fulani. Wajerumani walisema Mann, na Wacheki vasali walimwita man tu. Si ndivyo tunavyosema mpaka leo, "yule ni mtu wa fulani"? Ukisikia kwenye siasa fulani ni mtu wa mkubwa fulani, hujauliza umri wake.

Namna ya kuapa mnayo kwenye habari za Galbert wa Bruges, Aprili 1127, watu wa Flanders wakimwapia mtawala wao mpya, William Clito. Anaulizwa kama anataka kuwa mtu wake kamili. Anajibu nataka. Anakutanisha viganja, bwana anavifunika kwa vyake, wanabusiana. Baadaye kiapo juu ya masalia ya watakatifu, halafu bwana anawagusa kwa kifimbo, ndio wamepewa ardhi. Mtu kwanza, ardhi mwisho.

#27 Mpekuzi wa Kale
Dada Mnyoofu, "mtu kwanza, ardhi mwisho" ndiyo hoja yangu toka post #1. Karibu chamani.

#28 Dada Mnyoofu
Sijajiunga na chama chako mkuu, nimepita tu. Na umeacha wanawake nje kabisa. Wanawake nao walishika ardhi za namna hii, na sheria ya Uingereza ilipata taabu nao. Thomas Littleton, jaji wa karne ya 15, ameeleza: mwanamume anapiga magoti na kusema "nakuwa mtu wako". Mwanamke asiye na mume asiseme "nakuwa mwanamke wako", kwa kuwa maneno hayo si ya kumwambia mwanamume yeyote ila mumewe. Aseme tu "nakupa heshima yangu".

#29 Mzee Kigogo
Littleton alikuwa ameoa, huyo. Anajua nyumbani kungewaka.

#30 Kasuku wa Vuga
Mimi naomba mnieleze liege. Vasali alikuwa anaweza kuwa na mabwana watatu wanne, ila mmoja ndiye wa mwisho, wakigombana anamfuata yule. Huyo ni liege. Nimeona sehemu moja wanasema limetoka kwa Kijerumani ledig, huru, asiyefungwa na mtu. Sehemu nyingine limetoka kwa Kilatini ligare, kufunga. Sasa huyu kafunguliwa au kafungwa?

#31 Mpimaji Ardhi
Kafungwa kwa mmoja ili awe huru kwa wengine. Zote zinaingia 😅

#32 Ndugu Nukta
Haziingii zote, neno moja halizaliwi na mama wawili. Ligare watu waliifikiria baadaye kwa sababu sauti zimefanana. Kuna na wa tatu, laeti, watu waliokaa kwenye ardhi ya Roma kwa masharti ya kupigana. Lililo wazi ni kwamba lilisafiri: kwenye mkataba wa Devol, 1108, Bohemond, mkuu wa Wanormani, anakuwa lizios anthropos (mtu wa liege) wa kaisari wa Constantinople, Alexios Komnenos, na binti wa kaisari, Anna Komnene, aliyeuandika kwa Kigiriki aliliacha neno hilo la Kifranki kama lilivyo.

#33 Mbeba Boksi wa Solna
Mimi kinachonifurahisha ni maneno yanayopanda na kushuka cheo. Cniht wa Mpekuzi amepanda, kawa knight. Ndugu yake wa Kijerumani, Knecht, kabaki mfanyakazi wa shambani. Knave ilikuwa mvulana tu, sawa na Knabe ya Kijerumani, ikashuka mpaka ikawa tapeli. Villain ni villanus, mkulima wa shamba la bwana, hakuwa na ubaya wowote. Na mashali? Marah ni farasi, skalk ni mtumishi. Mtumishi wa farasi. Kapanda mpaka juu ya majenerali, wakati Schalk peke yake Ujerumani leo ni mtu wa mizaha.

#34 Omwana w'e Masaka
Kumbe Idi Amin alipojipa Ufildimashali mwaka 1975 alijiajiri zizini. Nacheka peke yangu hapa dukani.

#35 Binti Ngamiani
Mbeba Boksi, aliyeanguka vibaya kuliko wote yuko Hungary: jobbágy. Jobb ni "bora zaidi". Kwenye Hati ya Dhahabu ya Andrew wa Pili, 1222, jobagiones wanatajwa pamoja na maaskofu kama watu wenye haki ya kumpinga mfalme akivunja ahadi. Karne chache baadaye jobbágy ni mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Hoja ya Mpekuzi ya umri itueleze hilo.

#36 Mpekuzi wa Kale
Hungary sikuidai mimi. Nimesema Ulaya Magharibi.

#37 Binti Ngamiani
Basi njoo Uhispania. Castile kulikuwa na vijiji vya behetría, neno lililotoka kwa benefactoria, kutenda mema. Wanakijiji wanachagua bwana wao wenyewe. Vingine vilikuwa na ruhusa ya kumchagua popote, "kutoka bahari hadi bahari". Mfalme alitaka kujua nani ana nini, ndipo mwaka 1352 yakakusanywa maandishi ya vijiji hivyo. Hapo "mzee" anachaguliwa na "vijana". Na baadaye neno lenyewe kwa Kihispania likawa na maana ya vurugu.

#38 Mzee Kigogo
Wenye ardhi ndio waliolipa maana hiyo, bila shaka.

#39 Bibi Karata
Wajukuu, kijana wenu mnaye mkononi kila jioni. Karata za Kifaransa ile J imeandikwa V, valet, na valet ni mtoto wa vassus huyo huyo, ametokea kwa umbo la kudogosha, vasali mdogo. Wajerumani wanaiita Bube, mvulana. Waingereza kabla ya jeki waliita knave. Mfalme, malkia, na mvulana wa kazi.

#40 Kasuku wa Vuga
Bibi Karata umetisha. Na sisi huku Pwani tulizipata kwa Mreno: karata yenyewe, shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros, pao ni paus.

#41 Chapati Mbili
Mimi nilikuwa naita maua tu 😭

#42 Jirani wa Umoja
Turudi kwa mada. Si huu mfumo uliisha 1789? Ule usiku wa tarehe 4 Agosti, Wafaransa walifuta kila kitu.

#43 Fundi wa Mihuri
Waliufuta kwa upande wa Ufaransa tu, na hata huko malipo mengi waliamua yakombolewe kwanza kwa pesa, yakaja kufutwa bila fidia 1793. Urusi wakulima walifunguliwa 1861. Scotland umiliki wa ardhi wa kikabaila umekoma tarehe 28 Novemba 2004, wengine humu mlikuwa na simu za mkononi tayari. Na kisiwa kidogo cha Sark, kati ya Uingereza na Ufaransa, alichopewa Helier de Carteret na Elizabeth wa Kwanza mwaka 1565, kimefanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote Desemba 2008. Mpaka sasa kina Seigneur, na cheo anaitwa hivyo hivyo.

#44 Mpekuzi wa Kale
Mzee wa Sark. Asante Fundi.

#45 Omwana w'e Masaka
Kwetu Buganda si mbali na haya. Mkataba wa 1900 machifu walipimiwa ardhi kwa maili za mraba, ndiyo mailo mpaka leo. Aliyekaa juu yake ana kibanja, analipa busuulu, kodi ya ardhi. Ilibidi sheria ya 1928 iweke kikomo maana wenye mailo walikuwa wanapandisha. Jjajja wangu alikuwa anahifadhi risiti za busuulu kwenye kopo la chai, zimekunjwa zimeiva njano, na ugomvi wa mpaka ukitokea alikuwa anafungua kopo kabla hajafungua mdomo.

#46 Mpimaji Ardhi
Ng'ambo ya mpaka wenu, Bukoba, kulikuwa na nyarubanja: mtwazi, mwenye ardhi, juu, batwarwa, wakulima wake, chini. Sheria ya 1965 ndiyo iliyoanza kuwakomboa. Huo ni uzi wake, nitaufungua nikipata muda.

#47 Ndugu Nukta
Kabla hamjaziita zote hizo ukabaila: wapo wanahistoria waliosema hata Ulaya yenyewe haukuwapo kwa namna tunayoifundisha. Elizabeth Brown 1974, Susan Reynolds 1994. Reynolds anasema fief, vasali na kiapo kushikana kuwa mashine moja ni kazi ya wanasheria. Wale wa Lombardia karne ya 12 walikusanya desturi zao za feudum, wasomi wa baadaye wakazisambaza kwa kila mtu kana kwamba wote walikuwa wanaishi vile. Kabla ya hapo beneficium, feo, precaria, kila kijiji kilisema lake na kumaanisha lake. Kwa hiyo mzee, mkate, ng'ombe, fai, mnapanga kabati ambalo wenyewe hawakuwa nalo.

#48 Mchunga Inyambo
Nukta, hata kama kabati ni la wanasheria, nguo zilikuwa za watu.

#49 Ndugu Nukta
Za watu mbalimbali, vipimo mbalimbali.

#50 Ustadh wa Makunduchi
Nina swali kwa wote kabla ya Ishaa. Kaisari wa Constantinople alipompa askari mapato ya ardhi, Wagiriki waliita pronoia, maana yake uangalizi, kujali. Waturuki wa Uthmaniya waliita timar, neno la Kiajemi, na maana yake pia ni uangalizi. Waturuki walitafsiri la Wagiriki, au wote wawili walifika hapo kila mmoja kwa njia yake?

#51 Binti Ngamiani
Waserbia walichukua la Kigiriki zima zima, pronija. Kama Waturuki walipita Balkani wakalikuta linatumika, sioni ajabu wakilitafsiri.

#52 Mpekuzi wa Kale
Na anayemwangalia mtu ni nani kama si mkubwa wake?

#53 Binti Ngamiani
Mpekuzi, pronoia alipewa askari. Yeye ndiye anayeiangalia ardhi. Soma tena.

#54 Chapati Mbili
Ukurasa wa pili mniite, nakwenda kumsaka yule V kwenye karata za mjomba.